Kufunga injini ya 1HZ na difu za mkonga (Land Cruiser HZJ75) kwenye Land Cruiser 60: anza na difu, injini baadaye

Ukiingia gereji yoyote ya Buguruni au Tabata na Land Cruiser 60 iliyochoka, swali la kwanza ni "tukufungie injini gani bosi?" na hapo hapo mtu anapiga simu, ndani ya nusu saa umeshatumiwa picha tatu za injini zimekaa juu ya matairi, kila moja imetoka Japani, kila moja haijaguswa spana. Na mi ndivyo nilivyoanza. Nikanunua injini kwanza, nikaiweka uani imefunikwa turubai, gari ikakaa miezi saba juu ya matofali, watoto wa jirani wakageuza kuwa daladala yao, konda akiwa mlangoni kabisa anaita Mbagala Mbagala. Kilichonikwamisha haikuwa injini, ilikuwa difu. Kwaiyo maelezo yangu yanaanzia huko chini.

Nazungumzia 60 kwa sababu ndiyo niliyoifanyia, HJ60 yenye injini ya 2H, ila utaratibu huu unafaa hata kwa gari nyingine za umri huo zenye ekseli nzima mbele na nyuma. Na nikisema difu namaanisha difu zima kama mafundi wanavyosema, hausing yake, ekseli ndani, habu na breki zake, sio kile kibuyu cha katikati peke yake.

Sasa kwa nini difu kwanza? Kwa sababu injini inakaa juu ya difu la mbele. Urefu wa gari kutoka chini ukibadilika, springi zikibadilika, difu likisogea sentimita mbili mbele au nyuma, basi sehemu ya kukaa injini nayo inabadilika, sampu (bakuli la oili chini ya injini) inaweza kugonga difu, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) inabadilika urefu na pembe. Ukishachomelea mauntingi (vishikio) za injini ndo uanze kuhangaika na difu, utazikata tena. Nimeona gari ya mtu imekatwa mauntingi mara tatu, chesesi mahali pale imekuwa kama kitambaa kilichotiwa viraka.

Haya, difu gani. Nyingi za 60 nyuma zina mfumo wa semi floti, yani ekseli yenyewe ndiyo inayobeba uzito wa gari na pia ndiyo inayozungusha tairi, na imeshikiliwa kule ndani kwenye difu kwa kipini chenye umbo la herufi C. Siku ekseli ikikatika, tairi linatoka nje taratibu pamoja na ngoma ya breki na kipande cha ekseli, na wewe unaliona kwenye kioo cha pembeni. Kwenye mkonga wa zamani, HZJ75, nyuma ni fulu floti: habu inakaa juu ya beringi mbili kwenye hausing, ekseli kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika unafungua nati za kwenye habu, unachomoa vipande, unaweka gia ya mbele, ile inayopeleka nguvu kwenye difu la mbele, na unarudi nyumbani nalo. Utaitambua hata kwa macho, katikati ya rimu kuna kifuniko kimetokeza nje chenye nati zake kukizunguka, wakati semi floti ni bapa. Kwa mtu anayepakia mzigo kwenda shamba Rufiji au Kisarawe hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kubadilisha difu, kuliko hata injini.

Uzuri mwingine ni kwamba 60, HZJ75 na Land Cruiser 80 zote ni nati 6 na vipimo vya matundu ya rimu ni vilevile, milimita 139.7. Kwaiyo rimu zako zinaingia. Ukinunua difu la mkonga wa kuanzia mwishoni mwa 1999 utakuta nati 5 na mbele ni koili springi, hapo umejiongezea kazi, achana nalo. Difu za 80 nazo watu wanazitamani, ni nzuri, lakini ni pana, matairi yatatoka nje ya bodi na mbele zimetengenezwa kwa koili springi, kwaiyo unaanza kuchomelea mabano mapya, na mi binafsi sioni faida yake kwa gari ya springi za pleti. Za HZJ75 ni nyembamba kidogo kuliko za 60. Sio tatizo, ila usimwamini mtu anayekwambia "inaingia moja kwa moja kaka". Pima mwenyewe kwa tepu kutoka katikati ya kiti cha springi cha kushoto hadi katikati ya kiti cha kulia, kwenye difu lako na kwenye lile unalonunua, kabla hela haijatoka mfukoni.

Jambo kubwa kuliko yote kwenye difu ni reshio, yani propela inazunguka mara ngapi kwa raundi moja ya tairi. La mbele na la nyuma lazima ziwe sawa. Mi niliuziwa seti nikaambiwa zote zimetoka gari moja, jina la duka silitaji, nikafunga, tukaenda kujaribu kwenye mchanga kule Kigamboni. Nilivyoweka gia ya mbele gari ikawa inatembea kama inavutwa kamba nyuma, stelingi ngumu, inaruka ruka, na nilivyorudi kwenye lami kitenga cha transfa (fimbo ya ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) kikagoma kutoka kwenye nne, ikabidi nirudi rivasi mita kadhaa ndo kikaachia. La nyuma lilikuwa 4.11, la mbele 3.70. Ukiliendesha hivyo kwenye barabara ngumu kitu kimoja lazima kivunjike, ama krosi (maungio ya propela) ama gia za transfa.

Kulijua ni rahisi na hauhitaji kufungua kitu, ndo maana inauma. Ukiwa pale dukani omba wakuinulie difu, mtu mmoja ashike tairi au ngoma ya upande mmoja isizunguke kabisa. Piga alama ya chaki kwenye flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa, na alama nyingine kwenye ngoma ya upande wako. Zungusha ngoma raundi mbili kamili, uhesabu flenji imezunguka mara ngapi. Mbili, sio moja, kwa sababu upande mmoja ukishikwa difu linagawa nusu. Flenji ikizunguka mara nne na kidogo, kama sehemu ya kumi ya raundi, hiyo ni 4.11. Ikiishia tatu na karibu robo tatu, hiyo ni 3.70. Kama difu limeshafunguliwa basi hesabu meno: 37 kwa 9 ni 4.11, 37 kwa 10 ni 3.70, na ukikuta 41 kwa 10 hiyo ni 4.10, inaweza kukaa na 4.11 bila shida. Hii njia haifanyi kazi kama difu lina loki au limeng'ang'ania ndani. Kibati cha kwenye gari kina kodi ya ekseli lakini gari ya miaka 35 imeshapita mikono mingi, kibati kinasema lilivyotoka kiwandani tu.

Na reshio usiichague bila kufikiria matairi. Tairi la kawaida la 7.50 kwa rimu 16 lina kipenyo kama sentimita 80. Ukifunga la inchi 35, ambalo ni karibu sentimita 89, chukua 4.11 zidisha 80 gawanya kwa 89, unapata kama 3.7. Yani umelipia matairi ya bei mbaya ili gari iwe nzito kama yenye difu la 3.70. Kwenye mlima wa Kitonga utaisoma hesabu hiyo kwa gia ya pili. Ukitaka 35 baki na 4.11 au tafuta fupi zaidi, ukitaka mwendo wa safari ndefu na matairi ya kawaida 3.70 inafaa, mi nilibaki na 4.11 na inchi 33 na sijajuta.

Kabla ya kufunga difu la mbele lifungue maungio ya kona, yale mabakuli ya duara nyuma ya tairi. Ukikuta ndani sio grisi bali uji mweusi unaomwagika, sili ya ndani imekufa, oili ya difu imeingia ikachanganyika na grisi. Badilisha sili na beringi zote, juu na chini, ni kazi ya siku moja ya kuchafuka hadi viwikoni, ila ukiiahirisha utaifanya porini. Breki nazo sitasema sana: ngoma na diski zikaguliwe, kebo za handbreki zifike bila kuvutika, na ile valvu ya nyuma ya kupima mzigo yenye fimbo inayoshika difu uirekebishe upya kama umeinua springi, la sivyo itadhani gari ni tupu siku zote na breki za nyuma zitakuwa hazishiki.

Kuhusu kuchomelea. Ukilazimika kuhamisha viti vya springi kwenye difu, fundi asimalize kuchomea gari ikiwa hewani. Piga nukta nukta tu, funga springi, shusha gari ikae kwa magurudumu yake na uzito wake wote, alafu angalia pembe ya pinioni. Flenji ya transfa na flenji ya difu zinatakiwa zitazame sambamba, kama mistari miwili ya reli, hata kama moja iko juu na nyingine chini. Zisipokuwa sambamba propela itatetemeka ukifika spidi 70 hivi na krosi hazitamaliza mwaka. Simu yako ina programu ya kupima mlalo, iweke kwenye flenji zote mbili usome digrii, ndicho kifaa pekee cha kisasa nilichotumia kwenye kazi nzima. Ukiridhika toa difu lichomewe vizuri, vipande vifupi vifupi kwa kupokezana kushoto na kulia ili hausing isipinde kwa joto, na klipu ya athi ikae karibu na pale panapochomewa, umeme usipite kwenye beringi. Kama kuna kuchomea chochote kwenye chesesi toa betri na alteneta.

Sasa gari inasimama, ina urefu wake wa kweli. Ndo tuje kwenye injini.

1HZ ni lita 4.2, silinda sita, dizeli isiyo na turbo, ilianza 1990, na mpaka leo ukiangalia ambulensi, magari ya hifadhi na ya mashirika utaikuta, kwaiyo spea ziko Kariakoo, na fundi anayeijua hakosekani hata Ifakara. 2H ni lita 4.0 na sio injini mbaya, tatizo ni umri tu. Wapo watakaokushawishi 1HD yenye turbo, ina nguvu kweli, ila zile za mwanzo beringi za konrodi zina sifa mbaya. Na ukishafunga 1HZ utashawishiwa uiongezee turbo pia, hapo kuwa makini kwa sababu haikutengenezwa kwa hiyo kazi, ikisukumwa sana joto linapasua silinda hedi. Mi sikufunga.

Nunua seti nzima: injini, flaiwili, klachi, hausi ya klachi, giaboksi, transfa, starta, alteneta, pampu ya stelingi, mabano ya mauntingi, pedali ya gesi na kebo yake, hata waya zake zisikatwe. Bei itapanda, na utaona kama unaibiwa, lakini ukianza kutafuta hausi ya klachi peke yake ya kuunganisha 1HZ na giaboksi lako la zamani utazunguka Gerezani hadi soli za viatu zikuage. Hakikisha na pampu ya vakiumu ipo, kwa sababu dizeli haitoi vakiumu kwenye manifoldi kama petroli, bila pampu hiyo busta ya breki ni pambo tu.

Kuikagua, fika asubuhi na uombe isiwashwe kabla hujafika. Shika bloku, kama ni ya moto ujue wameshaipasha kukurahisishia maisha. Iwashwe ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha kuwekea oili inapounguruma, moshi kidogo ni kawaida ila kama inapuliza kwa mapigo kama treni, ringi zimekwisha. Angalia rejeta waliyoiunganisha, mapovu yasiyoisha ni gasketi au hedi. Pima kompresheni silinda zote sita, kinachokuhusu zaidi ni zikaribiane. Taimingi belti badilisha hata kama wanasema mpya, haina uzee wa kuonekana kwa nje, inatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 na wewe haujui imetembea ngapi.

Kuipanga ndani ya gari, itundike kwa cheni bloku ikiwa imeshaunganishwa na giaboksi na transfa, yote kwa pamoja. Fundi wangu wa kwanza, kijana mzuri tu ila mwenye haraka, aliiweka injini peke yake akachomelea mauntingi, kuja kufunga giaboksi kitenga cha gia kikatokea chini ya kiti cha dereva. Kwaiyo angalia mambo haya kwa pamoja: kitenga kitokee kwenye tundu lake, transfa ikae kwenye krosimemba, feni iwe mbali na rejeta kama vidole viwili, nyuma kuwe na nafasi ya kupitisha mkono kati ya hedi na ukuta wa kabini maana siku moja utahitaji kufungua kitu pale.

Alafu fanya hili ambalo wengi hawafanyi. Weka jeki chini ya difu la mbele, liinue hadi raba za kugongea ziguse chesesi, pande zote mbili, alafu upande mmoja mmoja. Ingia chini uangalie nafasi iliyobaki kati ya difu na sampu, na kati ya propela na giaboksi. Mi nataka vidole vitatu visimame kwa urahisi, kwa sababu injini ikipigwa gesi inajizungusha kidogo kwenye mauntingi zake. Ukikosa nafasi inua injini kidogo au tafuta sampu ya umbo lingine, zipo za aina tofauti kutegemea gari ilikotoka. Ukiridhika piga nukta nukta, toa injini, chomea vizuri.

Propela peleka kwa mtu mwenye mashine ya kukereza, akate, aunge na abalansi. Mpe vipimo vya gari ikiwa chini, na umwambie spline (yale meno ya propela yanayoteleza) zibaki na nafasi ya kuingia na kutoka, sio ziwe zimejaa mwisho.

Umeme. Kama 60 yako imetoka Japani kuna uwezekano mkubwa ni volti 24, na 1HZ unayonunua inaweza kuwa ya 12. Usichanganye, amua moja, mi nilihamia 12 yote, balbu, mota ya waipa, kila kitu. Jingine, 2H inazimwa na kamota kanachovuta mkono wa pampu, 1HZ ina solenoidi kwenye pampu: ukiipa umeme inafungua dizeli, ukiukata inazima. Kwaiyo waya mmoja tu kutoka kwenye swichi, na zile waya za kamota unazifunga na kuziacha. Fundi umeme wangu alihangaika siku mbili anatafuta namna ya kuunganisha kamota hako kwenye injini isiyokahitaji, mzee mmoja aliyekuja kununua betri ndiye aliyemwambia "mwanangu hiyo haina kazi tena". Glo plagi nazo ziwe za volti unayotumia, tofauti na hapo zinaungua asubuhi ya kwanza au haziwaki kabisa.

Rejeta usibane hela. Joto la Dar na foleni ya Mandela saa kumi na moja jioni ni mtihani kuliko porini. Iwe safi, ikiwezekana ya safu tatu, na kava la feni liwepo, watu wengi wanalitupa kwa kuwa halikai vizuri na injini mpya alafu wanalalamika gari inachemsha.

Mkonga wa hewa sawa, lakini ungio zote hadi kwenye kisafisha hewa ziwe hazipitishi, maji yakiingia silinda hayabanwi kama hewa, konrodi inapinda. Na mkonga hauna maana kama difu zako zinapumulia pale pale chini. Kila difu na giaboksi lina kitundu cha kupumulia. Difu likiwa la moto ukaliingiza kwenye maji ya baridi hewa ndani inasinyaa, linavuta, na likikosa hewa linavuta maji. Chukua mpira mwembamba wa dizeli, vuta hadi juu ndani ya boneti. Baada ya masika moja nilifungua difu la jamaa yangu aliyekuwa anapita Jangwani bila wasiwasi, ilitoka chai ya maziwa.

Oili ya difu weka GL-5 ya 80W-90, giaboksi weka GL-4, sio GL-5, vile vibrashi vya shaba vya kubadilishia gia havipendi dawa zake.

Makaratasi msisahau wakuu. Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake, ukibadilisha injini peleka taarifa TRA ubadilishiwe, na kwa hilo utahitaji risiti halali ya injini na uthibitisho imetoka wapi, kwaiyo injini isiyo na karatasi hata ikiwa nusu bei iache hapo hapo. Kampuni ya bima nayo iambie. Trafiki anayejua kufungua boneti yupo, tena huwa yupo siku una haraka.

Kabla ya kuwasha toa hewa kwenye dizeli kwa pampu ya mkono juu ya filta, ikiwaka iache iungurume, angalia mivujo, zunguka mtaani kwanza. Safari ya kwanza mi nilikwenda Pugu na Kisarawe kurudi, nikiwa na spana kwenye kiti cha abiria. Nyumbani nikakaza yubolti za springi zote nne, na kila nati ilikubali nusu raundi. Wiki iliyofuata robo. Baada ya kilomita 500 zikagoma, ndo nikaanza kupakia mzigo.